Jumamosi Napanda

Mollo, Sumbawanga
9 Juni 2024

Mwanangu Hellena,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, hata kama huko pwani siku hizi unaitikia salamu za aina nyingine. Mimi nipo. Miguu inagoma asubuhi kwa hii baridi, lakini nikishaota jua kidogo inakubali kazi. Mahindi tumeshaingiza ndani. Maharage yalikuwa ya kubahatisha. Yule ng'ombe mwenye pembe moja bado anaonea wenzake, na jirani yetu Agnesi anakusalimu, anasema ulimwahidi kitenge na yeye si mtu wa kusahau.

Usinipigie simu kwa baba yako mkubwa Teodori. Juzi kaja mbio utadhani nyumba inaungua: "Hellena yuko hewani! Hellena yuko hewani!" Nikamjibu, mwambie ashuke hewani, akae chini, aandike. Unajua sababu. Simu inakata neno katikati, halafu mtu unabaki na nusu ya neno maisha yako yote. Barua ikifika, imefika nzima.

Teodori mwenyewe ameanza tena wimbo wake. Anataka mwaka huu, Siku ya Marehemu Wote, jina la baba yako lisomwe kanisani, tuweke matanga, tumalize. Nimemwambia, shemeji, huyo mdogo wako Gaudensi hakufa, alikimbia. Tangu lini mtu akawekewa matanga kwa kukimbia mke? Mwaka ule mahindi yalipokauka alishuka Kirando kuvua dagaa, sawa. Kushuka alishuka. Akapiga simu kwa Agnesi kwamba kesho anapanda. Nikachemsha maji ya kuoga, nikachinja, nikaenda kumsubiri njia panda na wewe mgongoni ingawa ulikuwa darasa la tatu na mzito. Hajapanda mpaka leo. Kuna mtu alimwona Moba, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, amekaa anakunywa chai. Mimi siwezi kumlilia mtu anayekunywa chai.

Sasa niambie kitu kimoja. Hiyo Kilwa yako iko juu au iko chini? Ulisema kazi ni ofisi ya watalii. Ofisi hiyo ina kuta? Najua unanielewa, usijifanye.

Mama yako,
Silvana


Kilwa Masoko
7 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Na milele amina, nimeitikia kwa sauti mpaka Bi Somoe akachungulia kuniuliza naongea na nani. Bi Somoe ndiye mwenye nyumba ninayopanga, anakaanga vitumbua barazani na anajua habari za mji mzima kabla hazijatokea. Anakusalimu sana. Nilipomweleza kwamba umekataa simu alisema, huyo mama yako ni mtu wa maana.

Mimi mzima. Nimenenepa kidogo, ni wali wa nazi. Ila ugali wa ulezi nauota, mama, kabisa, nauota ukiwa na moshi wake.

Huku nikisema natoka Sumbawanga watu wanasogeza viti, eti sisi wote wachawi. Shigela, kiongozi wetu wa kazi, Msukuma mwenye mwili wa kubeba magunia, siku ya kwanza aliniuliza nimefika kwa basi au kwa ungo. Nikamwambia ungo uko gereji. Tangu hapo tunaelewana.

Umeuliza kama ni juu au chini. Hapa ni tambarare. Ofisi ina ukuta mmoja, pande nyingine ni upepo.

Nikuambie kuhusu miti ya huku. Inaitwa mikoko. Inasimama juu ya mizizi yake kama mwanamke aliyekunja sketi avuke tope. Asubuhi kumepwa, unaona tope tupu na kaa wadogo wanatembea na mkono mmoja mkubwa, kila mmoja na hasira zake. Halafu maji yanaanza kuingia. Huyasikii. Unatazama pembeni, unarudisha macho, msitu wote umeelea. Samaki wanapita palepale kaa walipokuwa wanagombana. Kuna vijia ndani humo, unapita kimya, majani yanagusana juu ya kichwa, mwanga unakuwa wa kijani na hata pumzi yako unaisikia kuwa ya kijani. Unasahau kama una miguu. Kuna siku nimetoka humo sikukumbuka jina la siku.

Viganja vyangu vimekuwa vigumu kama wakati ule tulipokuwa tunalima ntumba, tunafukia nyasi chini ya matuta mpaka giza. Nikivitazama nakukumbuka wewe.

Kuhusu baba, mama, sijui niseme nini. Namkumbuka mabega yake tu. Na kuimba.

Mwanao,
Hellena


Mollo
15 Septemba 2024

Hellena,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilikaa parokiani muda mrefu, katekista aliitumia kuwekea alama kitabu cha nyimbo. Nimemsema mpaka ameniomba radhi mbele ya kwaya. Huku vumbi na upepo, mikaratusi inalia usiku na mchana. Nimeanza kuchagua mbegu ya ulezi. Agnesi bado anadai kitenge.

Tambarare, unasema. Nilicheka. Nikasoma tena, nikaacha kucheka.

"Unapita kimya." Nani anapita? Mtu anapitaje kwenye msitu uliojaa maji, kwa miguu aliyoisahau? Na hivyo viganja, umevipata kwa kuandika majina ya wageni? Nikamwendea Teodori. Akabonyezabonyeza simu yake, akanionyesha picha: vitu virefu vyembamba vya rangi ya machungwa, mtu amekaa ndani kama punje ya haragwe kwenye ganda, kashika kasia lenye bapa huku na huku. Kayaki, akasema. Ndicho anachofanyia kazi Hellena, anaongoza wageni visiwani. Kumbe yeye alikuwa anajua! Wote mlikuwa mnajua, mjinga ni mimi.

Sikukuzaa uende ukakae ndani ya ganda la haragwe. Maji yamenichukulia mume. Sisemi yamemuua. Nasema yalimwonyesha njia nyingine akaifuata, na mimi nikabaki na maji ya kuoga yaliyopoa. Sasa yanakuita na wewe, na barua yako nzima inaongea kama mtu aliyelala.

Sijawahi kukuomba kitu, na unajua. Leo nakuomba. Acha kazi hiyo. Panda nyumbani kabla ya mvua, ulezi upo, mimi nipo. Barua hii nampa kondakta kwa mkono, na wewe unijibu neno moja tu, sitaki habari za kaa: unapanda, au hupandi?

Mama yako


Kilwa Masoko
6 Oktoba 2024

Mama, shikamoo.

Naandika nimesimama, gari linaunguruma na dereva ananikodolea macho. Mimi mzima. Kuna jambo nimekuficha na sitaki tena kulificha, ila nitakueleza vizuri, siyo kwa kijikaratasi hiki.

Jumamosi napanda. Niombee.

Hellena


Mollo
14 Oktoba 2024

Hellena,

Sina salamu leo.

Kijikaratasi chako kilifika Alhamisi. Nilikibusu, nakuambia ukweli, nilikibusu mbele ya kondakta. Nikasema mwanangu ana akili, nimemuuliza neno moja kanijibu neno moja. Hilo jambo ulilosema umelificha, mimi na Agnesi tulishakubaliana ni mimba, na tulishasamehe. Tulikuwa tumefika kwenye kuchagua jina.

Jumamosi nimekwenda stendi mapema. Nilibeba koti lako la kijani kwa sababu unatoka kwenye joto na huku upepo unakata masikio. Nilichinja yule jogoo mkorofi. Pombe ya ulezi ilikuwa imeiva vizuri, haijawahi kuiva vile. Kila basi likiingia nasimama. Watu wanashuka na magodoro, na watoto, na ndoo, nami nawatazama usoni mmoja mmoja kama askari. Agnesi akasema labda limeharibika njiani. Jumapili baada ya misa nikarudi. Muuza chai pale ameshanizoea, ananiita mama koti. Teodori akapiga simu yako, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani.

Neno lilelile, Hellena! Hukuweza kutafuta lingine? Nilidhani una damu yangu. Kumbe ni yake tupu. Mnajifunzia wapi kumwambia mtu mnapanda, halafu mnakwenda zenu?

Koti nimelirudisha kwenye msumari. Jogoo tumemla, alikuwa mgumu.

Silvana


Kilwa Masoko
20 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Naomba uisome hii mpaka chini kabla hujaitupa.

Nimerudi jana kutoka visiwani. Bi Somoe alikuwa barazani na barua yako ya mwezi wa tisa, iliyofika siku nilipoondoka baada ya kuzunguka Dar es Salaam huko inakojua yenyewe. Nimeisoma nikiwa bado na chumvi usoni. Halafu nikawasha simu, nikakuta baba mkubwa ameandika: Mama yako yuko stendi na koti. Mama, nilikaa chini palepale barazani, kwenye unga wa vitumbua.

Sikuwa nimeipata barua yako. Sikuwa najua umeniuliza. Niliandika "napanda" kwa maneno ya huku. Bi Somoe aliponiona nalia aliuliza, sasa mama yako alikusubiri vipi stendi na ulishamwandikia kwamba unapanda? Tukatazamana. Yeye haelewi kwetu, mimi nilikuwa nimesahau kwetu. Kwetu mtu anashuka ziwani na anapanda nyumbani. Huku kupanda ni kuingia chomboni. Kushuka ni kutoka. Shigela anasema kwao Ziwa Victoria ni hivyohivyo. Watu wa maji wote, anasema, ndivyo wanavyosema.

Kuna jambo lingine limenijia hapo, barua yako ikiwa mkononi. Sitaliandika. Likikujia mwenyewe, sawa. Lisipokujia, sitaki liwe limetoka kwangu.

Sasa nikueleze nilikokuwa, kwa sababu nimechoka kukudanganya kwa neno tambarare.

Tuliondoka asubuhi maji yakiwa yamelala. Wageni wanne, wawili mtu na mkewe wa Dodoma, hawajawahi kuona bahari, wanaiogopa na wanaicheka. Shigela mbele, mimi nyuma. Safari hii ndiyo ya kwanza kupewa nyuma. Wa nyuma ndiye anayeona migongo ya wote, anayejua nani amechoka kabla mwenyewe hajajua. Jaketi la kuelea halinitoki mwilini, naapa, hata nikila.

Kayaki si kama ulivyoiogopa kwenye picha. Unakaa chini kabisa, miguu umenyoosha kama umeketi sakafuni kwako unachambua mboga, na bahari iko usawa wa kiuno. Hakuna injini. Unasikia tone likidondoka kutoka kwenye kasia. Tulivuka mkono wa bahari mpaka Kisiwani, halafu tukaenda taratibu kusini, Sanje, Songo Mnara, tukilala kwenye mahema mchangani, tukila mihogo na samaki. Kila kisiwa ukikiangalia kwa mbali kimeinuka juu ya maji kidogo, hakijagusa, kuna uzi wa mwanga chini yake. Unapiga kasia asubuhi nzima kukifuata. Halafu kinatua.

Siku moja upepo ulituwahi katikati. Mawimbi yalikuja kwa ubavu, makubwa ya kijani, na yule mama wa Dodoma akaanza kusali kwa sauti. Mimi niliogopa mpaka meno. Halafu nikayaona majani ya kule juu, mama, ule uwanda unaotazamana na njia ya Muze, mwezi wa sita upepo unapoyalaza yote upande mmoja, yanainuka, yanalala tena. Yalikuwa yaleyale. Nikajiambia, haya nimekulia ndani yake. Nikalegeza mgongo kama tulivyokuwa tunatembea kwenye upepo ule, na kayaki ikapanda wimbi ikashuka, ikapanda ikashuka. Nikasogea ubavuni kwa yule mama nikaimba nyimbo za kwaya yako, zote ninazozijua, mpaka tukagusa mchanga. Mumewe anasema naimba vibaya.

Nyuma ya Songo Mnara kuna mkono wa maji unaoingia kwenye mikoko. Tuliingia maji yakijaa, jioni ya mapema, jua likiwa limepita pembeni. Mbegu za mkoko zinaning'inia juu yako kama bamia ndefu. Zinadondoka majini, zinaelea hata miezi, halafu zinapofika mahali panapozitaka zinasimama wima zinajipanda zenyewe. Nilikuwa nyuma, wageni wameshapinda kona. Nikasikia kasia lingine mbele yangu, karibu, linakwenda sawa na langu. Nikasimama, likasimama. Nikaanza, likaanza. Ulikuwa mwangwi tu, najua, miti inarudisha sauti. Lakini mama, nilisema shikamoo. Nilisema, shikamoo baba. Halafu nikaona aibu, nikapiga kasia haraka niwakute wenzangu.

Sijui kama nitaiacha kazi hii. Sitaki kukuandikia ndiyo ili unyamaze. Ila ukiniambia mara ya pili, nitakuja.

Samahani kwa stendi. Samahani kwa koti.

Hellena wako


Mollo
30 Oktoba 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Teodori alikuja kunieleza aliyosikia kwako kwenye simu, nikaziba masikio. Nikasema aandike. Kumbe ulikuwa umeshaandika. Barua imefika leo asubuhi, nimeisoma nikiwa uani napepeta ulezi. Nilipofika pale pa watu wa maji wote, nikaweka ungo chini.

Kuku wameula ulezi wote. Niliwaona, sikuwafukuza.

Nikueleze, kwa sababu ulikuwa mtoto. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua haina adabu. Agnesi aliniita, nikaishika simu. Sauti yake ilikuwa na furaha, nyuma yake kuna watu wanapiga kelele. Akasema, "Silvana, kesho napanda..." Ikakata. Hayo tu. Mimi sikuhitaji zaidi, nilianza kuimba. Siku iliyofuata ndiyo nilikwenda njia panda. Na siku hiyohiyo, kule chini, boti iliyotoka Kirando ilizama na watu. Habari ikafika jioni. Wakaja kuniuliza, Silvana, mumeo hakuwamo? Nikasema mtu ameniambia kwa mdomo wake anapanda nyumbani, atakuwaje ndani ya boti? Wakauliza tena. Niliwafukuza, mwanangu. Nilimfukuza hata Teodori, na mtu ni ndugu yake. Wenzangu walikuwa wanalia waume zao, mimi nachochea moto chini ya maji ya kuoga. Alipokuwa haji, na haji, nikachukua hasira. Mtu akaniletea ile ya Moba na chai, nikaishika kwa mikono miwili.

Alikuwa amekaa kule chini misimu miwili. Kwa nini asiwe ameshika maneno yao? Wewe hujamaliza mwaka, umeshasahau kwetu.

Gaudensi maskini. Nimemsema vibaya kwa kila mtu aliyekaa kunisikiliza. Nimemsema hata kwenye kitubio.

Mchana nimekwenda kwa Teodori. Nimemwambia jina lisomwe. Mzee wa watu akavua kofia akalia kama mtoto, mimi nikasimama tu mlangoni kwake. Jumamosi linasomwa, na matanga tutaweka hapa kwangu. Agnesi ameshaanza kukopa masufuria kijiji kizima.

Lakini bado sijatulia. Neno moja si mtu. Nataka kushuka Kirando, mimi ambaye sijawahi kulitaja hata ziwa lenyewe. Nataka nione alikosimama.

Kuhusu kazi yako sijasema uendelee. Wala mara ya pili sijasema.

Mama yako


Kilwa Masoko
8 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo, na pole. Pole sana mama. Ndilo hilo nililoshindwa kuliandika.

Jumamosi ya Marehemu Wote niliomba ruhusa. Niliingia peke yangu kwenye mikoko ya hapa karibu, kumekucha, maji yametulia kama chai. Nikaweka kasia kwenye mapaja nikalisema jina lake, Gaudensi, nikafikiri labda na nyinyi mnalisema saa hiyo. Bi Somoe alinipikia uji akaniombea dua. Shigela hakutania siku nzima, ilimsumbua.

Ukishuka usishuke peke yako. Na kuna kifurushi nimempa kondakta, ni cha rangi ya machungwa, kina kamba. Usikicheke. Ukikaribia maji, hata kama ni kunawa miguu, kivae. Kamba zinafungwa mbele, unavuta mpaka ubane.

Kitenge cha Agnesi kimo humohumo.

Hellena


Kirando
24 Novemba 2024

Mwanangu Hellena,

Tumsifu Yesu Kristo. Ona palipoandikwa juu. Ndiyo, ni mimi.

Jaketi lako lilifika. Agnesi alidhani ni nguo ya wanaotengeneza barabara. Nimelivaa tangu Namanyere, Teodori akaniomba nilivue kwenye gari, nikakataa. Barabara inateremka na kuteremka, masikio yanaziba, joto linapanda miguuni, halafu kwenye kona moja miti inaachana na ziwa liko pale. Sikujua kama ni la buluu hivyo. Miaka yote nilikuwa nalichukia la kijivu.

Tumelala kwa jamaa ya Teodori. Asubuhi nimeketi mchangani pale wanapoanika dagaa. Wanametameta, mwanangu, ufukwe mzima unapumua na kumetameta, na maji yanakuja mpaka karibu na vidole yanageuka, yanakuja yanageuka, mpaka nikasinzia nimekaa. Nilimwona. Alikuwa amesimama majini mpaka magotini na mgongo wake kwangu, anaimba. Nilipofungua macho alikuwa mvuvi mwingine, kijana, anaosha ndoo.

Kuna mama mmoja hapa, Lucia, dagaa anaanika tangu ujana wake. Aliniuliza kwa nini nimevaa boya nchi kavu. Nikamweleza ninayemtafuta. Akaacha kazi. Akasema, yule Mfipa mrefu mwenye kuimba? Namkumbuka sana. Mwaka ule mvua ilikata barabara, magari hayatoki wala hayaingii. Watu wa kwenu juu waliotaka kurudi makwao walikuwa wanapanda boti mpaka Kasanga, halafu kutoka Kasanga wanapata gari la kupanda Sumbawanga. Na yeye alipanda na wenzake. Alikuwa na gunia la dagaa na viatu vya shule vya mtoto wa kike, amevifunga kamba ameviweka shingoni visilowe, tukamcheka. Boti haikufika.

Viatu vyako hivyo. Ulikuwa umemwagiza, unakumbuka? Mimi nilikuwa nimesahau.

Kwa hiyo hakunidanganya. Alipanda boti ili apande nyumbani. Alikuwa njiani anakuja kwangu, Hellena, kwa njia pekee iliyokuwepo, na kule Moba hakuna mtu anayekunywa chai. Nimelia hapo mchangani mpaka kina mama wakaacha dagaa wakaja kunishika, Wakristo na Waislamu wote, na jaketi lako limelowa kwa machozi kabla halijaonja ziwa. Halafu nikachukua ulezi niliokuja nao kwenye kitambaa, nikaingia mpaka magotini, nikaumwaga. Nikamwambia maji ya kuoga yapo.

Sasa nisikilize. Kazi yako fanya. Nimesema, na sirudii. Kaa nyuma uwatazame hao wageni, usimwache mmoja.

Teodori anataka turudi kwa gari. Arudi yeye, na barua hii nampa aiwahishe posta. Mimi kesho asubuhi kuna boti. Nitafunga kamba zote mpaka zibane, nitashika ubao kwa mikono miwili, nitasali kwa sauti bila kuona haya. Na wewe Krismasi ukiniandikia kwamba unapanda, andika kama ninavyoandika mimi hapa, neno zima, mpaka mwisho wake.

Kesho napanda boti mpaka Kasanga. Kutoka Kasanga napanda nyumbani.

Mama yako,
Silvana wa Gaudensi